Ufundi wa Kutupa Mshipi

Mvuvi wa pwani atakapo kutupa mshipi wake mbali huufunga chubwi, na uzito wa chubwi huuvuta mshipi hata ukafika pale alipokusudia. Lakini katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare, ambako samaki aina ya trauti walipandikizwa mwaka 1905, yuko mvuvi wa namna nyingine. Ndoana yake imevikwa manyoya ya ndege ipate kufanana na mdudu, wala haina chubwi. Je, mtu awezaje kutupa unyoya mbali? Swali hili ni la kale.

Yapata mwaka 200 baada ya Kristo, Claudius Aelianus aliandika habari za wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo. Ufito wao ulikuwa wa futi 6, na mshipi urefu uo huo; kwa hiyo hawakuvua mbali. Huko Uingereza, mwaka 1676, Charles Cotton alishauri ufito wa yadi 5 au 6. Mishipi ya siku zile ilisokotwa kwa singa za farasi. Aliyetaka kufika mbali alirefusha ufito.

Katika karne ya 19 zilienea fito za mianzi iliyopasuliwa na kuunganishwa kwa gundi, pamoja na mishipi ya hariri iliyo mizito zaidi. Ndipo jibu likadhihirika: hautupwi unyoya, hutupwa mshipi, nao mshipi huuchukua unyoya. Mvuvi huurusha mshipi nyuma, kisha hungoja. Ukiisha kunyooka huko nyuma, huuvuta mbele akizidisha mwendo. Ufito hupindika kwa uzito wake, naye husimamisha mkono ghafula. Asiyengoja, hata awe na nguvu za fahali, mshipi humwangukia miguuni.

Katika Marekani alizaliwa mwaka 1926 msichana aliyekuja kuitwa Joan Wulff. Babaye alikuwa mvuvi hodari, naye alimfundisha kwanza ndugu yake mwanamume. Joan alipopata miaka 10 aliomba ufito ajaribu. Ncha yake ikachomoka, ikazama kidimbwini. Hakukata tamaa. Mwaka 1951 aliwashinda wanaume watupu katika shindano la taifa la kutupa mbali, na mwaka 1960 alifikisha futi 161. Baadaye alilichambua tendo lile la mkono, akaligawa sehemu sehemu na kuzipa majina. Mwaka 1979 yeye na mumewe walifungua shule, na mwaka 1987 alitoa kitabu chake.

Ushindi wake ulikuwa mkubwa, lakini kazi hii ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Ustadi uliofichika mkononi mwa mtu mmoja huzikwa pamoja naye; bali ule uliofafanuliwa kwa maneno huwa urithi wa wote, hata wa yule ambaye hakuna aliyefikiri kumfundisha.