Kuanguka kwa droni na matatizo ya betri (Manah, Oman)

Manah ni wilaya ya mkoa wa Ad Dakhiliyah, jirani na Nizwa. Inajulikana kwa mitende yake, kwa mji wa kale wa Harat al Bilad, kwa makumbusho makubwa ya historia ya Oman yaliyofunguliwa Machi 2023, na kwa mitambo miwili ya umeme wa jua, Manah 1 na Manah 2, yenye megawati 500 kila mmoja, iliyozinduliwa Januari 2025. Kazi za droni katika mazingira ya aina hii ni kupiga picha, kukagua paneli kwa kamera ya joto na kupulizia mitende dawa ya kuua mdudu dubasi. Droni inapoanguka, lawama huiendea betri moja kwa moja. Lawama hiyo ina ukweli, lakini huishia njiani: mara nyingi betri iliyozimika angani ilikwisha haribiwa chini, wiki au miezi kabla, kwa jinsi ilivyochajiwa na kuhifadhiwa.

Joto na betri

Droni nyingi za kiraia hutumia betri za lithiamu-polima. Seli moja ya kawaida ikijaa hufikia volti 4.2, na ya kuweka kabatini huachwa kwenye volti 3.8 hivi. Kinachoichosha haraka ni mambo mawili yakikutana: kujaa na joto. Kiangazi, mchana wa Manah hupita nyuzi 40, kiwango ambacho droni nyingi ndogo hutajiwa kuwa ndio mwisho wa kufanyia kazi, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita nyuzi 60. Betri iliyojaa ikiachwa humo, kimiminika cha ndani huoza na kutoa gesi, pakiti huvimba, na ukinzani wa seli hupanda. Anayechaji betri ikiwa bado ya moto kutoka angani huongeza uharibifu uleule. Hewa nayo haisaidii: kwenye nyuzi 45 huwa nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko kwenye nyuzi 15, hivyo mota hudai umeme zaidi ili kubeba uzito uleule.

Huenda mtu akapinga kwamba kama joto ndilo adui, droni zingeanguka Julai na si Januari. Pingamizi hili lina jibu katika mkoa huohuo. Betri yenye joto hutoa umeme kwa urahisi, kwa hiyo udhaifu wake hujificha. Betri hiyohiyo ikipandishwa majira ya baridi Saiq, Jabal Akhdar, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako usiku joto hukaribia sifuri, ukinzani ulioongezeka kiangazi hujitokeza: rubani akisukuma mkono wa kupanda, volti huporomoka ghafla, na droni hushuka yenyewe hali skrini inaonyesha asilimia 30. Asilimia hiyo ni makadirio ya programu. Volti ya kila seli ndiyo ya kuaminiwa.

Makosa ya kiwandani

Yapo, na si haki kumtwika rubani kila kitu. Novemba 2016 GoPro iliita zirudishwe droni zake za Karma zipatazo 2,500 kwa sababu zilikata umeme angani. Kosa lilikuwa kitasa cha kushikia betri. Mwaka 2018 mamlaka ya anga ya Uingereza iliwawekea masharti warushaji wa DJI Matrice 200 baada ya baadhi kuzimika na kuanguka, na mtengenezaji akatoa programu mpya ya betri. Hata hivyo, mifano hii miwili inazidi kuonyesha kwamba maneno "betri imekufa" hayatoshi kuwa jibu: mmoja ulitibiwa kwenye kitasa, mwingine kwenye programu.

Uchunguzi baada ya ajali

Kumbukumbu ya safari iliyomo ndani ya droni isomwe kabla ya kununua betri mpya. Volti za seli zote zikishuka pamoja, betri imechoka au imebebeshwa mzigo mno. Moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya volti 0.1, pakiti hiyo istaafishwe. Umeme ukikatika mara moja bila volti kushuka kwanza, itazamwe migusano na kitasa. Pakiti ilazwe juu ya meza iliyonyooka: ikiyumba, imevimba.

Sababu nyingine

Nguzo za chuma zinazobeba paneli huvuruga dira. Kuta ndefu za vichochoro vya mji wa kale hudhoofisha GPS. Vumbi huingia kwenye mota.

Sheria na usafirishaji

Kurusha droni Oman kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Betri za akiba husafirishwa katika mzigo wa mkononi tu, na zile zisizozidi saa-wati 100 hazihitaji idhini ya shirika la ndege. Iliyovimba haipandi ndege kabisa.