Linux na yule daktari wa usingizi

Kama simu yako ni ya Android, ndani yake kuna Linux. Na ndani ya historia ya Linux kuna ugomvi wa 2007 ambao wasee wengi wa kompyuta hapa kwetu hawaujui.

Con Kolivas alikuwa daktari Australia, wale wa kulaza mgonjwa usingizi kabla ya upasuaji. Kuandika programu alijifunza mwenyewe. Kilichomkera kilikuwa kitu kidogo tu: unasikiza muziki, unafungua dirisha lingine, muziki unaanza kukatakata. Akaenda kwa kipanga zamu, ile sehemu inayoamua programu gani itumie prosesa saa hii na gani ingoje. Fikiria makanga anayepanga nani apande kwanza. Daktari aliona wakubwa wanafikiria seva za makampuni, mtu wa kompyuta ya nyumbani wamemsahau. Miaka ikapita akiandika viraka. Watu walivipenda, lakini vile vikubwa vikabaki nje.

Machi 2007 akaleta kipanga zamu kipya kinachogawa zamu kwa usawa. Mwezi uliofuata Ingo Molnár, mwenye kusimamia sehemu hiyo, akatoa chake, wazo ni lile lile la usawa. Alisema kilimchukua saa 62. Alimtaja Kolivas na kumpa sifa, hilo tusimnyime. Cha Molnár ndicho kikaingia. Julai, Kolivas akafunga virago.

Linus Torvalds alikuwa na sababu: alisema daktari hubishana na watu wanaoripoti shida, badala ya kuwasikiza. Ni hoja nzito, programu huria haiendi bila anayepokea lawama. Ila mnaona nani anaongea? Ni huyu huyu ambaye 2018 alilazimika kuomba msamaha kwa ulimi wake na kupumzika kwa muda.

Mimi naona kukataliwa si neno. Ukiambiwa hapana mapema, unajipanga. Lakini kungoja mlangoni, halafu unasikia mwenye nyumba amejenga wazo lako kimya kimya kwa siku chache? Kumshukuru mtu baadaye si sawa na kumwita mkajenga pamoja.

Kipanga zamu cha Molnár kilidumu hadi 2023, Linux 6.6 ilipokibadilisha. Kolivas naye alirudi 2009 na kingine kipya. Hicho hakuomba kiingizwe.