Tuta la reli lina mwenyewe



Ukimsimulia mzee wa Handeni mambo yanayofanyika siku hizi Ulaya na Marekani, huenda akacheka mpaka machozi yamtoke. Mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima zake, anaamka alfajiri, anamfunga mbwa wake kamba shingoni, kisha anakwenda kutembea naye kwenye njia iliyokuwa ya garimoshi. Hawindi. Halindi shamba. Wala hana safari. Anatembea tu, na mbwa naye anatembea, halafu wanarudi nyumbani kunywa chai.

Mzee wetu atauliza mambo mawili. La kwanza, huyo mbwa kazi yake nini? La pili, na hili ndilo kubwa, reli ilikwenda wapi? Swali hili la pili ndilo nataka tulizungumze wiki hii, kwa sababu linatuhusu sisi wa Mkoa wa Tanga kuliko tunavyodhani.

Uingereza mwaka 1963 ilitolewa taarifa ya Dakta Beeching, mkuu wa shirika la reli la nchi hiyo, iliyopendekeza kufungwa kwa maelfu ya maili za reli zilizokuwa zikileta hasara. Nyingi zikafungwa kweli. Mwaka huohuo, kule Marekani, karibu na Chicago, mwalimu wa mambo ya mimea aitwaye May Theilgaard Watts aliandika barua gazetini akiomba reli iliyokufa igeuzwe njia ya watu wa miguu kabla matingatinga hayajafika. Wakamsikiliza. Hatimaye mwaka 1983 Marekani ikatunga sheria ya busara sana: reli isipotumika, ardhi yake inaweza kufanywa njia ya wapita kwa miguu na baiskeli, lakini isikatwe vipande. Ibaki nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku treni ikihitajika tena, njia ipo.

Yaani yule bwana na mbwa wake, bila ya wao kujua, ni walinzi wa reli. Wanatunza amana.

Sasa turudi nyumbani. Reli ya kwanza kujengwa na Wajerumani katika nchi hii ilianzia Tanga mwaka 1893. Ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Muheza ilifika mwaka 1896, ikasimama hapo kwa sababu kampuni iliyokuwa ikiijenga iliishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikaichukua. Korogwe ilifika mwaka 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Arusha ilingoja mpaka mwaka 1929, wakati huo Mwingereza ndiye mtawala.

Hiyo ndiyo reli kubwa ambayo kila mtu anaijua. Lakini zilikuwapo ndogo ambazo wengi wetu hatuzijui. Mojawapo ilikuwa ya Sigi, wilayani Muheza, iliyotoka Tengeni kupanda kuelekea milima ya Usambara Mashariki kufuata mbao. Reli ile haipo tena. Nyumba ya mkuu wa stesheni, hata hivyo, haikuachwa ianguke. Ilikarabatiwa, ikawa kituo cha kupokelea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997. Wageni hufika pale, hupewa maelezo, kisha huingia msituni kwa miguu. Basi hata sisi jambo hili tumelifanya, ingawa kwa kipande kidogo.

Na ipo nyingine, ambayo ndiyo hasa kiini cha mazungumzo haya: reli ya Mombo hadi Handeni.

Najua yupo msomaji atakayeshtuka. Handeni ilikuwa na reli lini? Ilikuwa nayo, katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakati ule Wajerumani walikuwa na reli mbili, ya Tanga na ya Kati, ile ya kutoka Dar es Salaam iliyofika Kigoma mwaka 1914. Reli hizo mbili hazikukutana mahali popote. Bahari nayo ilikuwa imezibwa na manowari za Waingereza. Kila mzigo uliotakiwa kutoka kaskazini kwenda Reli ya Kati ulipaswa kupita nchi kavu, kupitia Handeni. Punda na farasi hawakufaa, kwani nchi ile ilikuwa na mbung'o, na mbung'o hana huruma na mnyama wa mzigo. Ikabaki shingo ya mwanadamu.

Ndipo wakatandika reli nyembamba kutoka Mombo, ikavuka Mto Pangani sehemu za Mkalamo na kuelekea Handeni. Vyuma vyake vilikuwa vya aina ile iliyotumika kwenye mashamba ya walowezi. Wala haikuwa na garimoshi. Yalikuwa matoroli, na waliosukuma matoroli hayo ni watu. Fikiri, ndugu msikilizaji: jua la Handeni, nyika, kiu, na toroli limejaa mizigo ya vita isiyokuhusu.

Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka kwa kufuata Mto Pangani. Mombo ikaanguka, wakapigana Mkalamo palepale penye njia ya matoroli, Korogwe ikatwaliwa, na kabla mwezi haujaisha Handeni nayo ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Upande wa pili nao ulikuwa na wapagazi wake. Kumbukumbu rasmi za Waingereza zenyewe zinakiri kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa katika vita hiyo ya Afrika Mashariki, na wanahistoria wengi wanaamini idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Pale Dar es Salaam tunaye Askari wa shaba aliyesimamishwa mwaka 1927, na bunduki yake. Wapagazi wametajwa katika maandishi tu, chini ya miguu yake. Jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi hichohicho cha wapagazi, limebaki kuwa jina la soko.

Vita vilipokwisha, hitaji la kuunganisha reli mbili halikufa. Lilitimizwa mwaka 1963, nchi ikiwa huru, kwa reli ya kilomita 188 kutoka Mnyusi, wilayani Korogwe, hadi Ruvu. Handeni mjini haikupitiwa. Njia iliyolowa jasho la watu wake ikarudi kuwa mashamba, vichaka na vijia vya miguu.

Tusiwasahau pia watoto wa mkonge. Mwaka 1893 Dakta Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya Magunga, Ngombezi, Hale, Mazinde na mengineyo mengi, na katika mashamba hayo vikapita vijireli vya kubeba majani kutoka shambani hadi korona. Manamba waliokuja kutoka Songea, Kigoma, Msumbiji na Burundi wanavijua vijireli hivyo kuliko mtu yeyote. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha mkonge zaidi ya tani 230,000. Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, mengine yakageuka pori. Trekta likachukua kazi ya kijireli. Lakini tuta halichukuliwi na trekta. Mahali vyuma vilipong'olewa, watu wakaendelea kupita: wanafunzi, kina mama na kuni, na leo bodaboda.

Na mbwa? Hapa namrudia mzee wetu. Mbwa wa Handeni hajawahi kuwa mbwa wa matembezi. Ni mfanyakazi. Mahindi yakianza kubeba, mkulima hulala dunguni na mbwa hulala chini ya dungu. Nguruwe pori, nyani na ngedere ndio wenye deni naye. Wapo Waislamu wengi katika wilaya hizi mbili, na inafahamika kwamba mbwa hafugwi ndani ya nyumba wala halambi chombo. Lakini mbwa wa kulinda shamba, mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa na wanazuoni tangu zamani. Asubuhi utamwona mtu na jembe begani, mbwa nyuma yake, hana kamba wala mkufu, wanafuata kijia kilekile kwenda shamba. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mimi naongeza: mbwa wa mkulima mwenye bidii hana muda wa kutembezwa. Anachohitaji ni sindano yake ya kinga ya kichaa, na hilo ni la lazima kwa mbwa yeyote apitaye njia ya watu.

Basi tofauti iko wapi kati ya bwana yule wa Chicago na mkulima huyu wa Handeni? Wote wawili wanapita na mbwa kwenye tuta la zamani. Tofauti ni moja: njia ya yule imeandikwa. Ina ramani, ina sheria, ina mwenyewe. Ya huyu haimo popote ila katika nyayo zake. Kesho akija mtu na fedha akaweka uzio, mkulima atazunguka, mwanafunzi atazunguka, na hakuna atakayeuliza.

Msidhani natia chumvi. Treni ya abiria ya Tanga na Arusha ilikoma katika miaka ya 1990, na baadaye hata mizigo ikaacha kupita. Njia ikalala zaidi ya miaka kumi. Majani yakaota kati ya mataruma, vyuma vikaibwa, watu wakalima na kujenga ndani ya hifadhi ya reli. Wengi wakaamini kwamba reli imekufa. Kumbe imelala! Ikafufuliwa. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika Moshi Desemba 2019, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Waliokuwa wamejisahau juu ya tuta wakaambiwa wapishe. Kilio kikawa kikubwa, na sehemu ya kilio hicho ingeepukika kama mapema tungekubaliana kwamba njia iliyolala ni njia.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Halmashauri za Korogwe na Handeni hazihitaji mamilioni ya kutengeneza bustani za kutembezea mbwa. Zinahitaji ramani, wazee na vijana wa kuwasikiliza. Wazee waonyeshe njia ya matoroli ilipopita, wenye mashamba ya mkonge waonyeshe matuta yao, na yale yanayotumiwa na wananchi yaandikwe kuwa njia za umma. Kijia kinachopitwa kila siku hakiwezi kuporwa kimyakimya, kwa sababu mia wataona. Siku taifa likihitaji kupitisha reli, bomba au nyaya, ardhi ipo, na hapana mtu wa kubomolewa nyumba. Na pale Mkalamo pakisimamishwa hata jiwe moja lenye maneno machache juu ya waliosukuma, tutakuwa tumelipa sehemu ya deni ambalo halijalipwa tangu 1916.

Mzee wetu aliuliza reli ilikwenda wapi. Jibu ni kwamba vyuma vilikwenda, njia haikwenda popote. Ipo chini ya miguu ya mkulima na mbwa wake. Tuiandike kabla mwenye uzio hajafika.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.