Babu kwenye picha alikuwa kikosi gani?

Leo tunaacha kidogo chanjo na uji. Tuongelee ile picha iliyo kwenye sanduku la bibi: kijana kasimama wima, kavaa sare za jeshi, jina hakuna. Mtoto akiuliza "huyu nani?" tunamjibu "babu yako, alipigana vita ya Mwingereza." Vita ipi? Kikosi gani? Hapo kimya.

1. Anza na umri. Aliyezaliwa 1915 hakupigana vita ya 1914–1918. Vita ile ilifika kwetu kabisa: Aprili 1916 jeshi la Jenerali van Deventer lilitoka upande wa Arusha, likapita Ufiome, yaani huku Babati, likaenda kuchukua Kondoa. Askari weusi walikuwepo pande zote mbili, kwa Mjerumani na kwa Mwingereza. Kofia yenye tai mbele ni ya Mjerumani.

2. Kama ni vita ya 1939–1945, wengi husema haraka "alikuwa Keya", yaani KAR. Tulia kwanza. Ile kofia pana iliyokunjwa upande mmoja walivaa wengi, si KAR peke yao. Vuta picha kwenye simu uangalie bega. KAR ni askari wa miguu. EAASC ni madereva na wabeba vifaa. EAAMC ni wahudumu wa afya, wenzangu hao! Kubeba majeruhi si kazi ndogo, kwa hiyo usimvishe babu kofia isiyo yake.

3. Batalioni ya Tanganyika ilikuwa ya 6, na vita ilipokuja ikazaa nyingine. 1/6 KAR ilipigana Ethiopia 1941, halafu Madagaska 1942. 26 KAR na 36 KAR zilikwenda Burma kwenye Divisheni ya 11, ambayo nembo yake ni kichwa cha faru. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope, bonde lililojulikana kwa malaria. Ukiona faru begani, umeshajua divisheni. Batalioni bado, maana ndani ya divisheni hiyo walikuwemo pia watu wa Kenya, Uganda, Malawi na Zambia ya leo.

4. Geuza picha. Nyuma kunaweza kuwa na muhuri wa studio, mji, tarehe au namba. Namba ya askari ni kama namba ya kadi ya kliniki: akina Juma ni wengi, namba ni ya mtu mmoja. Tafuta pia cheti cha kuachishwa jeshi. Medali ya Nyota ya Burma inakuonyesha alikokwenda, haikuambii kikosi. Kama alifia vitani, tafuta jina lake kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ipo mtandaoni bure. Jaribu tahajia tofauti, makarani waliandika walivyosikia.

5. Sasa sikia hili. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa vita ya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu wamo humo. Kwa familia nyingine, sehemu pekee jina lilipobaki ni kichwani mwa bibi.

Kwa hiyo wiki hii nenda kwa bibi. Piga picha mbele na nyuma. Usiifute kwa kitambaa chenye maji, na kama imegandana na kioo usiibandue. Mrekodi akisema jina la babu, ukoo, na alirudi mwaka gani. Akinyamaza au machozi yakimtoka, mwache apumzike, rudi siku nyingine. Halafu andika jina nyuma kwa penseli, taratibu, bila kukandamiza.

Kikosi tutakitafuta hata mwakani. Bibi tusimsubirishe.