Karatasi Kabla ya Ndege: Njia za Kisheria za Mgeni Aliyezuiliwa

Tarehe 31 Januari 1996, Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara raia wa Guinea, alipandishwa ndege mjini Kinshasa na kuondoshwa Zaire, nchi aliyokuwa ameishi kwa miaka 32. Notisi aliyokabidhiwa haikusema kwamba anafukuzwa. Ilisema kwamba anakataliwa kuingia. Mtu aliyefika nchini mwaka 1964, akaanzisha kampuni mbili, kisha akawekwa mahabusu siku 66 mfululizo, aliambiwa kwa maandishi kuwa ndiyo kwanza yuko mlangoni. Tofauti ya maneno hayo ilikuwa na uzito wake: kwa sheria ya nchi ile, uamuzi wa kumkatalia mgeni kuingia haukuwa na rufaa. Serikali ilikuja kudai kwamba karatasi ilikosewa tu. Mwaka 2007 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa kuiacha inufaike na kosa lake yenyewe, ikaendelea kuisikiliza kesi.

Naanza na kesi hii kwa sababu mijadala yetu kuhusu haki za wageni huanzia juu, kwenye mikataba na mahakama kubwa, ilhali mgeni mwenyewe hushindwa chini kabisa, kaunta ya uhamiaji, saa chache baada ya kukamatwa. Sioni kwamba Afrika Mashariki ina upungufu mkubwa wa sheria. Kinachokosekana ni muda na karatasi. Anayeondoshwa bila maandishi yanayotaja kitendo kwa jina lake halisi na sababu yake, huondoka akiwa ameacha nyuma haki zote alizonazo vitabuni. Kwa hiyo naishikilia hoja moja: kupewa sababu kwa maandishi, mapema, kwa lugha inayoeleweka, ndiyo njia ya kwanza ya kisheria, na njia nyingine zote zimeegemea hapo.

Tazama Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara zake nyingi zinazohusu kukamatwa zinamtaja “kila mtu” au “mtu aliyekamatwa”, si raia. Ibara ya 49 inataka aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au, muda huo ukiangukia nje ya saa za kazi, siku ya mahakama inayofuata, na aachiwe kwa dhamana yenye masharti ya haki isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumzuia. Ibara ya 47 inampa kila ambaye uamuzi wa kiutawala unagusa haki zake stahiki ya kupewa sababu kwa maandishi, na sheria ya mwaka 2015 imefafanua namna ya kupinga uamuzi huo mbele ya jaji. Kwa wakili makini, Ibara ya 47 ni silaha kali kuliko ombi la huruma kwa waziri. Huruma haina tarehe ya mwisho wala kumbukumbu ya maandishi. Uamuzi wenye sababu unaweza kupimwa, na usio na sababu unaweza kubatilishwa kwa kukosa sababu.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ililiona jambo hili katika kesi ya Mohochi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda. Aprili 2011 Samuel Mohochi, wakili wa Kenya, alitua Entebbe pamoja na mawakili wenzake waliokuwa wakienda kuonana na Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake waliruhusiwa kuingia. Yeye alizuiliwa uwanjani kwa saa kadhaa, kisha akarudishwa Nairobi. Karatasi iliyokuwepo ilikuwa notisi kwa shirika la ndege kumrudisha mgeni aliyepigwa marufuku. Haikumweleza yeye kosa lake. Uganda ilijitetea kwa mamlaka ya dola: nchi huru ina haki ya kumkataa isiyemtaka. Katika hukumu ya 17 Mei 2013 majaji hawakukanusha kwamba mamlaka hayo yapo. Walisema kwamba nchi iliyotia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Itifaki ya Soko la Pamoja imekubali kuyatumia ndani ya mipaka ya ahadi zake. Itifaki inaruhusu kumzuia raia wa nchi mwanachama kwa sababu za usalama, afya au sera ya umma, na hata hapo nchi yake inapaswa kuarifiwa. Bila sababu iliyotajwa, kizuizi hakina pa kusimama.

Wanasheria wetu wengi wanaitumia hukumu hii kama ushindi wa safari huru, na ni kweli. Mimi naiona zaidi kama hukumu kuhusu karatasi. Yenyewe pia ina funzo chungu la muda: shauri kama lile lazima lifunguliwe Arusha ndani ya miezi miwili tangu uamuzi kufanyika au kujulikana kwa mlalamikaji. Mahakama hiyo haimlazimishi mtu kumaliza kwanza mahakama za nchini, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini miezi miwili huyoyoma upesi kwa mtu aliyerudishwa kwao bila nakala ya chochote.

Mohochi alikuwa wakili. Hali ni nyingine kabisa kwa kijana wa Ethiopia anayesafirishwa kimagendo kuelekea Afrika Kusini, akakamatwa njiani Kenya au Tanzania. Huyu hufikishwa mahakamani, tena pengine haraka, na hapo ndipo anapopotea. Shtaka la kuwa nchini kinyume cha sheria husomwa, anajibu “ndiyo” kwa lugha asiyoimudu, anahukumiwa faini asiyoweza kuilipa au kifungo. Nchini Kenya adhabu inaweza kufika shilingi 500,000 au miaka mitatu jela, au vyote viwili. Hata hivyo, tangu 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu bado zinaunukuu: shtaka lifafanuliwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, maelezo ya kosa yasomwe, apewe nafasi ya kuyapinga. “Ndiyo” isiyopitia hatua hizo si kukiri kosa, na hukumu iliyojengwa juu yake inaweza kutenguliwa kwa rufaa. Isitoshe, kama kijana huyo anakimbia mateso, Ibara ya 31 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inakataza kumwadhibu kwa namna alivyoingia, mradi ametoka moja kwa moja mahali pa hatari, amejitokeza kwa mamlaka bila kuchelewa na ametoa sababu ya msingi. Lakini nani amwulize, na kwa lugha gani? Mkalimani hapa si hisani ya mahakama. Bila yeye hakuna kesi.

Njia kongwe kuliko zote ni ombi la kumleta mtu mbele ya mahakama, wanasheria huliita hebiasi kopasi. Kenya imeliweka miongoni mwa haki chache ambazo Ibara ya 25 inazikinga zisipunguzwe kamwe. Nguvu yake ni kuuliza swali moja: mtu huyu yuko wapi, na mnamshikilia kwa hati gani? Udhaifu wake ulionekana wazi Februari 2018. Miguna Miguna, mwanasiasa mzaliwa wa Kenya aliyechukua pia uraia wa Canada, alikuwa na amri za mahakama zilizotaka aletwe mbele ya jaji. Serikali ilimpandisha ndege. Aliporudi mwezi Machi alizuiliwa uwanjani Nairobi na kuondoshwa tena, na jaji akawatoza faini ya shilingi 200,000 kila mmoja maofisa wakuu watatu, akiwemo waziri wa mambo ya ndani. Miguna aliingia nchini Oktoba 2022, serikali nyingine ikiwa madarakani. Ikiwa mtu maarufu, mwenye mawakili na kamera za televisheni, alishindwa na ratiba ya ndege, hatuna haki ya kumwambia mgeni asiyejulikana kwamba hebiasi kopasi inamtosha. Inahitaji mwenzi: amri ya kusimamisha kuondoshwa, iliyoombwa siku ileile na kukabidhiwa uwanjani, si wizarani peke yake.

Baada ya hapo milango inazidi kuwa mbali. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ikiwa Arusha, iliwahi kumpa haki mtu aliyenyang'anywa uraia wa Tanzania, akafukuzwa, akakataliwa na Kenya na kubaki katikati ya mpaka wa Sirari. Hukumu hiyo ya Machi 2018 iliitupia dola jukumu la kuthibitisha kwamba si raia. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi huko. Rwanda ilitangulia mwaka 2016, nazo Kenya na Uganda hazikuwahi kulitoa. Inabaki Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, baada ya kumaliza njia za ndani, na ubalozi wa nchi ya mgeni, ambao Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa haki ya kuwasiliana nao. Maofisa wanapaswa kumjulisha haki hiyo bila kuchelewa. Lakini anayeomba hifadhi asishinikizwe kuitumia: anaweza kuwa anaikimbia serikali hiyohiyo.

Najua maofisa wa uhamiaji watauliza habari za usalama. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya 2014 nchini Kenya, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Nairobi na kuchujwa katika uwanja wa Kasarani. Hofu ya wananchi ilikuwa ya kweli, na dola lazima iwalinde. Lakini kuandika sababu hakumzuii ofisa kumkamata mtu hatari. Kunamlazimisha ajue kwa nini anamkamata huyu na si jirani yake. Fomu ninayoidai ni ya ukurasa mmoja: kitendo kinachofanyika, kifungu cha sheria, sababu, saa ya kukamatwa, mahali na siku ya mwisho ya kupinga, saini ya ofisa na ya mkalimani. Nakala moja abaki nayo mgeni. Mpaka muda huo uishe, asipandishwe ndege.

Novemba 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Diallo alizuiliwa na kufukuzwa kinyume cha sheria, na kwamba hakujulishwa haki ya kuwasiliana na ubalozi wake. Juni 2012 Kongo, ile iliyokuwa Zaire, iliamriwa kuilipa Guinea dola 95,000 kwa ajili yake. Kati ya siku aliyopewa ile notisi na siku ya amri hiyo ilikuwa imepita miaka 16.