Senti za ziada: kalenda ya kipato cha halali kwa familia ya Pwani

Kila nyumba ya Pwani inazijua tarehe zake ngumu. Januari ni karo, sare na vitabu. Ramadhani ina futari yake, kisha Idd ya Mfungo Mosi na nguo za watoto. Haujapita muda mrefu, Mfungo Tatu nao unabisha hodi na mbuzi wake. Mshahara au kibarua cha kila siku hutosha unga na kodi, lakini mzigo mmoja mkubwa ukija, mtu hukimbilia simu kukopa.

Na mizigo hii inazidi kukaribiana. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hivyo Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kizungu. Mwaka 2024 ilianza katikati ya Machi. Kwa hesabu ya falaki, 2026 ni katikati ya Februari, 2028 ni mwishoni mwa Januari, na 2030 Ramadhani itaingia mara mbili katika mwaka mmoja: mapema Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Mwezi ndio utakaosema siku yenyewe, lakini mwelekeo unajulikana. Karo na futari zitadaiwa wiki moja.

Habari njema ni kwamba tarehe inayojulikana mapema inaweza kujiandaliwa mapema. Makala haya yanakusanya kazi ndogo ndogo ambazo mtu wa Pwani anaweza kuzifanya mara moja au mbili kwa mwaka, kwa mtaji mdogo, bila kuacha kazi yake. Hazitamtajirisha mtu. Zitalipa mzigo mmoja, na huo si mchezo.

Chagua mzigo kabla ya kazi

Wengi huanza na swali, "Nifanye biashara gani?" Anza na jingine: "Nataka kulipa nini, lini, na ni shilingi ngapi?" Ukisema "karo ya muhula wa kwanza, elfu kumi na tano, kufikia mwisho wa Disemba," utajua kazi gani inafaa na uanze lini. Pesa isiyo na jina huliwa na sukari na mkate. Ipe jina, iweke mahali pake, na asiyehusika asiijue.

Kusi: miezi ya kazi za mkono

Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, kusi huvuma, bahari huchafuka na mashua ndogo nyingi hukaa ufuoni. Watalii nao hupungua. Hapo ndipo pa kushona na kusuka, ili mali iwe tayari soko likifunguka.

Kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono, ile ya Lamu na Siyu, huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kulingana na nakshi yake. Mtu akishona saa moja kila usiku baada ya Isha, anaweza kuwa na kofia moja au mbili za kuuza kabla ya Idd, harusi au Maulidi. Kofia ya mashine ni rahisi, lakini anayejua kofia hununua ya mkono na huilipia. Kosa kubwa ni kumpa mchuuzi wa kwanza kwa bei ya haraka kwa sababu shida imebana. Ndiyo maana huanzwa mapema.

Kwa wenye miyaa karibu, mikeka, vikapu na kawa bado vina wanunuzi. Suka ukili kidogo kidogo, ushone ukitimia. Vikapu vimepata soko jipya tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017. Na mwenye minazi asitupe makuti. Makuti ya viungo huhitajika zaidi kabla ya masika, watu wanapoziba mapaa, kwa hivyo yashonwe Januari na Februari.

Kaskazi: maembe na samaki

Upepo ukigeuka mwishoni mwa mwaka, maembe huanza. Mwenye mwembe hulia kwamba bei ni duni, na ni kweli, kwa sababu kila mtu anauza siku hiyo hiyo. Faida iko kwa anayelifanya embe lidumu. Achari ya embe bichi haihitaji mashine: embe, chumvi, jua kali, pilipili, siki au mafuta, na chupa safi iliyochemshwa na kukaushwa vizuri. Tone la maji ndani ya chupa ndilo huleta ukungu. Achari ya Disemba huuzwa Ramadhani, ambayo miaka hii iko karibu kabisa.

Samaki ni vivyo hivyo. Bahari ikitulia, samaki hupatikana kwa wingi na bei hushuka. Kusi likirudi, huadimika. Anayepasua, akatia chumvi na kuanika ng'onda wakati wa kaskazi ana mali ya kuuza wakati mashua zimelala. Anika juu ya kichanja, si chini mchangani, na ufunike kwa wavu dhidi ya nzi. Ng'onda yenye mchanga huuzwa mara moja tu, mnunuzi harudi.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani

Hapa ndipo kina mama wengi hupata kipato cha haraka kuliko pengine popote. Wengi hukimbilia kuuza sambusa na kaimati jioni, na ushindani ni mkubwa. Fikiria wanaopika nyumbani wenyewe: wao wanahitaji manda zilizo tayari, bizari ya pilau iliyosagwa, nazi iliyokunwa na ukwaju uliochujwa. Manda hutengenezwa mapema, zikafungwa vizuri na kuwekwa kwenye friji, kisha zikauzwa kwa idadi. Chukua oda kwa majirani na wafanyakazi wenzako kuanzia Shaaban, pokea nusu ya malipo mwanzo, na hutabaki na mali mkononi.

Kwenye bizari, kuwa mkweli. Uzile, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga ni ghali, na kishawishi cha kuchanganya unga kipo. Tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono kwenye nafaka sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, na jinsi alivyomkemea muuzaji. Zaidi ya dhambi, mama wa Pwani anaijua harufu ya uzile. Ukimdanganya leo, mtaa mzima utajua kesho.

Msimu wa harusi

Harusi nyingi hupangwa kabla ya Ramadhani, baada ya Idd, na likizo ya Disemba. Mwenye mkono mwepesi wa hina ana kazi. Tahadhari moja: piko inayotengenezwa kwa unga wa rangi ya nywele inaweza kubabua ngozi vibaya na kuacha alama. Tumia hina safi, na mteja akitaka nyeusi mweleze hatari yake.

Asumini uani ni mtaji ambao wengi wanauona kama pambo. Vikuba na mashada huagizwa kwa harusi, na mti mmoja ulioshughulikiwa hutoa maua tena na tena. Wasio na mkono wa kazi hizo wanaweza kuungana watu watatu au wanne, wakanunua sufuria mbili kubwa za pilau, masinia na mikeka, wakakodisha. Andika idadi, chukua amana, na ukague vikirudishwa.

Mbuzi wa Mfungo Tatu

Hii ni kazi ya miezi mitatu hadi mitano, na inafaa wenye ua au jamaa shambani. Wakati wa kiangazi, Januari hadi Machi, malisho hupungua bara ya Kilifi, Kwale na Tana River, na wafugaji wengi huuza. Nunua wakati huo katika minada kama ya Mariakani au Bamba, uwanenepeshe, uwauze wiki mbili kabla ya Idd. Miaka hii Idd hiyo inaangukia Mei, ikielekea Aprili.

Kumbuka masharti ya udhhiya unapochagua: mbuzi awe ametimiza mwaka mmoja, asiwe chongo, kiwete, mgonjwa wala aliyekonda. Ukinunua mwenye kasoro kwa sababu ni rahisi, hutapata wa kumuuzia siku hiyo. Mpe dawa ya minyoo akifika, maji safi kila siku, maganda ya ndizi, pumba za mahindi, na maganda ya muhogo yaliyokaushwa juani. Mabichi yana sumu. Anza na wawili. Akifa mmoja, hujaporomoka.

Piga hesabu yote

Biashara nyingi ndogo hufa huku mwenyewe akidhani anapata. Chukua mfano wa chupa 20 za achari: maembe 600, chumvi, pilipili na siki 150, mafuta 200, chupa 500, makaa 150. Jumla ni shilingi 1,600, yaani 80 kwa chupa. Ukiuza 130, faida ni 1,000. Ukisahau chupa na makaa, utadhani kila moja imekugharimu chini ya 50, utauza 80 kwa furaha, na kumbe hukupata hata senti. Weka daftari, hata la shule.

Mtaji usio na riba

Mkopo wa simu unaonekana mwepesi kwa sababu ada yake ni ndogo kwa mwezi. Tuseme ada ni asilimia 8. Ukikopa 5,000, ukalipa na kukopa tena kila mwezi, kwa mwaka umetoa 4,800 za ada pekee, karibu sawa na mtaji wenyewe. Kwa Muislamu kuna suala la riba juu ya hilo. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Njia nyingine zipo. Mchezo wa watu kumi wanaoaminiana hutoa mtaji bila ada. Omba zamu yako iangukie mwezi unaoanza kazi. Kuna pia mudharaba: mmoja atoe pesa, mwingine kazi, na faida igawanywe kwa sehemu mliyokubaliana, kama nusu kwa nusu. Ikitokea hasara bila uzembe, mwenye mali hupoteza mali na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Andikeni mbele ya mashahidi, hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu.

Vibali

Anayeuza chakula hadharani anahitaji kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha afya kwa wanaoshika chakula. Ukitaka bidhaa ya pakiti iingie madukani, utaulizwa alama ya ubora ya KEBS. Ulizia kaunti yako gharama kabla ya kupanga bei.

Mambo ya kukimbia

Kamari ya simu si kipato, hata jirani akionyesha ujumbe wa ushindi. Na yeyote anayekuahidi pesa yako itazaa maradufu kwa wiki, mradi ulete watu wengine, anakulipa kwa pesa ya atakayekuja nyuma yako. Siku watu wakikoma kuja, wa mwisho ndio hulia, na mara nyingi ni jamaa zako uliowaingiza mwenyewe.

Anza wapi?

Chukua kalenda mbili, ya kizungu na ya Kiislamu, uzitundike pamoja. Zungushia tarehe ya mzigo wako mkubwa. Rudi nyuma miezi minne, uandike hapo jina la kazi moja tu kati ya hizi. Mwaka ujao ongeza ya pili, ukiona ya kwanza imekubali. Kazi mbi si mchezo mwema, na mwenye kula jasho lake hulala bila kuogopa mlio wa simu.