Midomo na maneno: tatizo la saa mbili

Wadau, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazi ni nyingi, na wikendi mbili zimeishia kwa vijana wa hapa Nakuru wanaotengeneza filamu fupi. Ndani yake kaka na dada wanagombania shamba huku wakitembea ukingoni mwa Menengai, dakika saba bila kukata. Picha walichukua kwa simu, sauti kwa rekoda ndogo iliyofichwa ndani ya shati. Mwanzoni midomo na maneno vinakwenda pamoja. Kufikia mwisho, dada anajibu kabla hajafungua mdomo! Wakaanza kuchangisha pesa za kukodi kamera kubwa. Nikawaambia ngojeni kwanza.

Tatizo hili ni kongwe. Kamera na rekoda ni mashine mbili, kila moja na saa yake. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Saa moja ikikosea kwa sehemu moja tu ya elfu, fremu nzima inapotea kila sekunde 42 hivi. Kwa dakika saba ni fremu kumi, karibu nusu sekunde. Jicho linaona.

Zamani dawa ilikuwa waya. Kamera ilituma mapigo yake kwenye rekoda, basi ukitembea unaburuta waya, na mwigizaji akigeuka ghafla, mnaanguka wote. Stefan Kudelski, Mpolandi aliyeishi Uswisi, alitengeneza Nagra ya kwanza mwaka 1951, rekoda ya kubebeka begani. Mwaka 1960 huko Paris, Jean Rouch na Edgar Morin walimpa Marceline Loridan Nagra, akatembea peke yake akimzungumzia baba yake ambaye hakurudi kutoka kambi za Wanazi. Kamera ilikuwa ndani ya gari lililokuwa likimwacha nyuma. Anazidi kuwa mdogo kwenye picha, lakini sauti yake iko palepale sikioni mwako. Mimi shoti ile hainitoki kichwani.

Baadaye ikaja kristali ya kwatzi, ileile iliyo kwenye saa za mkononi na kompyuta. Ukiweka moja ndani ya kamera na nyingine ndani ya rekoda, huhitaji waya. Ndipo watu wawili tu, David na Judith MacDougall, wakaweza kukaa Turkana miaka ya 1973 na 1974, yeye David akishika kamera, Judith sauti, wakirekodi maongezi ya wenyeji kwa lugha yao.

Wengine walikuwa na pesa na bado walinyamaza. Katika Out of Africa (1985), Meryl Streep na Robert Redford wanaruka kwa ndege ya wazi juu ya flamingo wa Bonde la Ufa. Hakuna mazungumzo, kuna muziki wa John Barry, na mkono anaounyoosha nyuma ushikwe. Kwa injini ile na upepo ule, nani angesikia? Filamu hiyo ilishinda Oscar ya sauti, na mmoja wa washindi, Peter Handford, alikuwa Mwingereza aliyejulikana pia kwa kurekodi ngurumo za treni za mvuke. Mtu kama huyo anajua kelele ipi ni mali.

Turudi Menengai. Simu nyingi hazipigi fremu kwa kasi moja. Mwanga ukipungua, zinapunguza fremu. Nilipitisha video kwenye ffmpeg ili kila sekunde iwe na fremu 25 kamili, kosa kubwa likaisha. Lililobaki nikalinyoosha kwa kuvuta sauti kidogo. Bahati nzuri dada alikuwa amepiga makofi mwishoni kwa furaha ya kumaliza, nami nikapata alama ya pili. Sasa wanapiga kofi mwanzo na mwisho, kila mara.

Pesa za kamera wamenunulia manyoya ya kufunika maiki. Upepo wa kule juu hauna ffmpeg.